Punguzo kwa Asiyeomba

Watu wa Nakuru hawahitaji kufundishwa biashara ya rejareja. Jina Nakumatt lilitokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mji huu. Tuskys ya mzee Joram Kamau ilichipuka Rongai, ile ya Bonde la Ufa, msiichanganye na ile ya Kajiado. Naivas nayo ilianzia Rongai hiyo hiyo mwaka 1990. Siku hizi kizazi kingine kinauza duveti, viatu na asali ya Baringo kwa simu, na paseli zinapakiwa kwenye matatu za Molo, Nyahururu na Naivasha pamoja na abiria. Kinachowagawanya wauzaji hawa ni kijisanduku kimoja kwenye tovuti zao, kile kinachouliza: punguzo la asilimia ngapi?

Nimewakalisha watu watano wabishane. Nimewatunga kutokana na hoja zinazosikika kila uchao vibandani na madukani, ndiyo maana hawana majina. Mama Duka anauza matandiko karibu na Top Market. Kijana ni mtoto wa kaka yake, na ndiye aliyemjengea tovuti. Mhasibu huwaandalia wafanyabiashara wadogo hesabu za kodi. Mzee aliwahi kuwa mnunuzi wa bidhaa wa supermaketi, enzi ambazo Rongai na Nakuru zilikuwa zikiwalea matajiri wa rafu. Mwalimu anafundisha Molo, na hununua mtandaoni zaidi kuliko anavyokiri kwa mumewe. Bei za bidhaa ni za mfano; viwango vya kodi na ada ni vya kweli. Nami nitaingilia nikishindwa kunyamaza.

KIJANA: Hoja yangu ni fupi. Mtu akifungua tovuti yetu saa tatu usiku hatumwoni, hatuwezi kumwambia karibu, shika kitambaa usikie kilivyo kizito. Kinachomshika ni ile bei ya kwanza iliyokatwa kwa mstari na ile mpya iliyo chini yake. Tuweke asilimia 20, duka zima, wiki ya mwisho ya Januari.

MAMA DUKA: Duka zima? Limekuwa lako lini?

KIJANA: Ni namna ya kusema tu, Shangazi.

MAMA DUKA: Basi na mimi niseme namna yangu. Mteja akija kibandani namwambia duveti ni 3,200. Yeye anasema 2,500. Tunavutana mpaka 2,800, anaondoka akijua amenishinda, na mimi najua hajanishinda. Lakini wapo wanaolipa 3,200 na kuondoka bila neno, kwa kuwa gari linawangoja au hawapendi kelele. Mimi nampunguzia aliyeomba. Hiyo tovuti yako inampunguzia hata asiyeomba.

Ningependa tusiipite kauli hiyo haraka. Vitabu vya biashara huchukua kurasa nyingi kueleza kwamba wateja hawafanani katika kiwango walicho tayari kulipa, na Mama Duka amelimaliza suala hilo akiwa anakunja shuka. Kubishana bei sokoni ni kazi ya kuwatenganisha wanunuzi: asiyeweza kulipa bei kamili hujitambulisha mwenyewe kwa kuomba, na kuomba kwenyewe kunamgharimu muda na soni kidogo. Asilimia 20 ya duka zima inaivunja kazi hiyo. Ni kama muuzaji anayepiga mayowe ya bei ya mwisho kabla mteja hajashuka kwenye boda.

MHASIBU: Kabla hamjagombana, tuiweke duveti moja mezani. Mnainunua Eastleigh, na ikifika Nakuru imeshakula 2,000 pamoja na nauli. Mtandaoni inauzwa 2,800. Sivyo?

KIJANA: Ndivyo, Madam. Shangazi ameongeza asilimia 40. Tukitoa 20 tunabaki na 20 safi. Hasara iko wapi?

MHASIBU: Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ile 40 ni ya 2,000, bei ya kununulia. Ile 20 unayotoa ni ya 2,800, bei ya kuuzia. Asilimia 20 ya 2,800 ni 560. Katika zile 800 mlizoongeza zimebaki 240, nazo ni asilimia 12 tu ya mlichotoa mfukoni. Na bado hatujamlipa mtu.

MAMA DUKA: Kuna wa kulipwa tena?

MHASIBU: Mfuko na gundi ya kufungia, 50. Matangazo ya Facebook mliyagawanya kwa oda za mwezi mkapata 150 kila oda. Tili ya M-Pesa inakata asilimia 0.55. Halafu kuna KRA. Mauzo yako yako kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kwa hivyo unalipa kodi ya mauzo, na tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3. Kabla ya hapo kilikuwa 1.

MAMA DUKA: Asilimia 3 ya faida?

MHASIBU: Ya mauzo, Mama. Ya kila shilingi inayoingia, upate faida usipate. Kwa bei ya 2,800 gharama hizo nne ni kama 299, unabaki na 501. Kwa bei ya 2,240 baada ya punguzo la Kijana, gharama ni kama 280, na ulikuwa umebakiwa na 240. Umeuza duveti, umeifunga, umeituma, kisha umemwongezea mteja shilingi 40 ili aichukue.

KIJANA: Arobaini?

MHASIBU: Na ukiuza 100, elfu 4. Ndiyo uchungu wa punguzo la namna hii: likifaulu, linaumiza zaidi.

Naomba niongeze neno kuhusu hiyo asilimia 3, kwa sababu miongozo ya maduka ya mtandaoni inayosomwa sana imeandikwa kwa ajili ya nchi ambako mfanyabiashara mdogo hutozwa kwa faida. Kodi ya faida hupungua faida inapopungua, na ukipata hasara inakuacha. Kodi ya mauzo inakufuata mpaka ndani ya hasara. Kwa mwenye duka la Nakuru, kila asilimia ya punguzo ina jirani wa kudumu ambaye haondoki, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata anabisha mlango.

KIJANA: Sawa, nimekubali 20 ni nyingi. Lakini Madam, hesabu yako imeisimamisha dunia. Unadhani tangazo litabaki 150 kwa oda? Watu 1,000 wakiliona tangazo la bei kamili wananunua wachache. Wakiona bei imepunguzwa wananunua wengi zaidi kwa pesa zile zile za tangazo. Gharama ya kila oda inashuka. Tuseme punguzo liwe 10.

MHASIBU: Kwa hoja hiyo nakuheshimu. Asilimia 10, bei ni 2,520. Tangazo likibaki 150, faida ni 231, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Ili upate ulichokuwa ukipata kwa duveti 10, lazima uuze 22. Tangazo likishuka hadi 80 kama unavyotarajia, faida ni 301, na unahitaji kuuza 17. Mama, una duveti 17?

MAMA DUKA: Nina 12. Na pesa ya kuongeza iko kwa chama, zamu yangu ni mwezi wa tatu.

MHASIBU: Duveti 10 ni mtaji wa 20,000. Duveti 17 ni 34,000. Hizo 14,000 za ziada zinatafutwa kwa ajili ya kufika pale pale ulipokuwa.

KIJANA: Na wateja wapya je? Hao saba wa ziada watarudi.

MHASIBU: Watarudi kwa bei gani?

Kijana hakuwa na jibu la haraka, nami nadhani swali lake la wateja wapya linastahili jibu la haki zaidi kuliko alilopewa. Wateja wapya ni mali. Duveti hainunuliwi kila mwezi, lakini aliyenunua duveti ana jirani, ana dada Gilgil, ana binti anayeingia bweni Egerton. Tatizo ni kwamba mteja wa kwanza akizoea 2,520, basi 2,800 kwake haitakuwa tena bei, itakuwa bei iliyopandishwa. Atangoja. Kenya nzima imejifunza kungoja tangu Jumia ilipotuletea Black Friday katikati ya miaka ya 2010. Wapo wanaoliweka jokofu kwenye kikapu mwezi wa tisa na kulinunua mwezi wa kumi na moja.

KIJANA: Na kama Jumia wanaweza kupunguza hadi nusu bei, sisi tunashindana vipi?

MZEE: Mwanangu, Jumia waliingia soko la hisa la New York mwezi wa Aprili 2019 kutafuta pesa za kuchoma. Novemba mwaka huo huo wakafunga Tanzania. Kampuni inayotangaza hasara mwaka baada ya mwaka inaweza kukupa nusu bei kwa sababu anayelipa ile nusu nyingine yuko mbali na hajui jina lako. Wewe anayelipa ni nani?

MAMA DUKA: New York yangu mimi ni chama cha akina mama.

MZEE: Umesema. Na si kila nusu bei ya pale ni ya Jumia. Wanaouza pale ni wafanyabiashara kama nyinyi, na mara nyingi punguzo linatoka mfukoni mwao, juu ya ada ya kuuzia pale.

KIJANA: Lakini Mzee, hata nyinyi wa supermaketi mlipunguza. Mabango yalikuwa kila Ijumaa. Na Nakumatt si ilikufa kwa kupunguza?

MZEE: Nakumatt ilikufa kwa madeni. Zaidi ya shilingi bilioni 30, matawi mpaka Uganda, Tanzania na Rwanda, na watu waliowaletea bidhaa wakikaa bila kulipwa hadi rafu zikabaki tupu. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Usiisingizie ofa. Ofa zetu zilikuwa na akili. Hatukupunguza duka zima hata siku moja. Tulipunguza sukari, unga, mafuta ya kupikia, vile vitu ambavyo kila mama anajua bei yake kwa kichwa. Anakuja kwa sukari, anaondoka na ndoo, taulo na bakuli za plastiki ambazo hajui zinauzwa ngapi kwingine. Na ile sukari, mara nyingi mwenye kiwanda ndiye aliyebeba sehemu ya punguzo. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono mpaka akubali.

MAMA DUKA: Basi na sisi tutafute sukari yetu.

MZEE: Sasa unaanza kuongea.

Hapa Mwalimu, aliyekuwa kimya akipekua simu, akainua kichwa.

MWALIMU: Mnajadili namna ya kunipunguzia kana kwamba ninawaamini. Mimi nina tabia mbaya: napiga picha ya bei. Kuna duka moja, silitaji, liliuza blanketi 1,900 Jumatatu. Ijumaa likaandika ilikuwa 2,600, sasa 1,900, okoa 700. Niliokoa nini? Niliondoka na sikurudi.

KIJANA: Mwalimu, hiyo ndiyo njia wanayofundisha wengi. Unapandisha kwanza. Duveti ya 2,800 unaiandika 3,500, unatoa asilimia 20, unarudi 2,800. Hakuna aliyeumia.

MAMA DUKA: Huo ni uongo.

KIJANA: Shangazi! Si wewe unayesema 3,200 ili mtu afike 2,800? Tofauti iko wapi? Yangu nimeiandika tu.

Kwa kweli hili ndilo swali gumu kuliko yote mjadalani, na Mama Duka alitaka kulijibu kwa hasira, akajizuia.

MAMA DUKA: Nikisema 3,200 kibandani, nimefungua mazungumzo. Kila mtu Top Market anajua hiyo ni bei ya kuanzia, hata mtoto. Sijamwambia kuna mtu jana alinunua kwa hiyo. Wewe ukiandika "ilikuwa 3,500" umetoa ushahidi. Ilikuwa lini? Nani aliilipa?

MHASIBU: Sheria iko upande wako, Mama. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 55, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Na kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo, yakiwemo ya nafuu ya bei isiyokuwepo.

KIJANA: Nani amewahi kushikwa Nakuru kwa duveti?

MHASIBU: Unaniuliza sheria au unaniuliza bahati? Wazungu wameliwekea kipimo. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia Mei 2022, muuzaji akitangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouza katika siku 30 zilizotangulia. Sisi hatuna kipimo hicho cha siku, lakini hakuna anayekuzuia kujiwekea.

MWALIMU: Na wateja wenye picha tumejiwekea tayari.

Naegemea upande wa Mama Duka bila kusita. Bei ya kuanzia sokoni na bei ya uongo mtandaoni zinafanana kwa umbo, lakini ya kwanza mteja anaijibu na ya pili anaambiwa tu. Na kuna sababu nyingine ya kibiashara kabisa: bei iliyopandishwa kwa ajili ya kupunguzwa inamfukuza yule mteja wa bei kamili, yule asiyeomba, ambaye ndiye anayelipa kodi ya kibanda.

Walipofika kwenye mitambo yenyewe, Kijana alirudi ulingoni, kwa maana huko ndiko anakojua.

KIJANA: Tovuti yetu inatumia WooCommerce. Ina kuponi za aina tatu: asilimia ya bei, shilingi kamili kwenye kikapu, na shilingi kamili kwenye bidhaa fulani. Tayari nina kuponi ya 20 ya wanachama wa kundi letu la WhatsApp, na ya 10 ya mteja mpya.

MHASIBU: Mtu akiwa nazo zote mbili?

KIJANA: Anapata 20, kisha 10 ya kilichobaki. Yaani 28.

MHASIBU: Una hakika? Hebu fungua.

KIJANA: ... Inasema 840 zimetoka. Ni 30 kamili.

MHASIBU: Kwa sababu hujawasha mpangilio wa kukokotoa kuponi kwa mfululizo. Usipouwasha, kila kuponi inahesabiwa juu ya bei ya kwanza. Duveti imeshuka hadi 1,960, chini ya bei mliyoinunulia. Ukiuwasha inakuwa 2,016, unafurahia shilingi 16 kabla ya mfuko, tili na KRA. Tiba si kuuwasha. Tiba ni kuweka alama kwenye kisanduku kinachosema kuponi hii itumike peke yake. Na kingine kinachosema isiguse bidhaa ambazo bei yake imeshapunguzwa.

MAMA DUKA: Visanduku hivyo vilikuwepo siku zote?

KIJANA: Vilikuwepo.

MHASIBU: Pia kuna pa kuweka kikomo: kuponi itumike mara ngapi kwa jumla, na mara ngapi kwa mtu mmoja. Hicho cha mtu mmoja msikitegemee sana, mgeni asiye na akaunti hutambuliwa kwa barua pepe, na barua pepe ni bure. Cha jumla ndicho kinga yenu. Kuponi 30, zikiisha zimeisha. Weka na tarehe ya mwisho. Na usimruhusu mtu atumie asilimia 10 pamoja na kusafirishiwa bure. Nauli ya paseli mkiibeba ninyi, tuseme 200, ile faida ya 231 inabaki 31. Hiyo ni chai moja na mandazi, na chai yenyewe iwe ya kibandani.

MZEE: Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu kwenye daftari: bei ya sakafu. Kila bidhaa ina yake. Chini ya hapo, hata mwenye duka akija simpunguzii.

MHASIBU: Kwa duveti tunaweza kuipata sasa hivi. Jumlisha 2,000, mfuko 50, tangazo 150, na faida ndogo ambayo Mama hawezi kushuka chini yake. Ngapi, Mama?

MAMA DUKA: Mia mbili. Chini ya hapo afadhali nilale nayo mwenyewe.

MHASIBU: Jumla 2,400. Gawanya kwa 0.9645, kwa sababu tili na KRA zinachukua asilimia 3.55 ya chochote mtakachouza. Mnapata kama 2,490. Hiyo ndiyo sakafu. Kutoka 2,800 punguzo la juu kabisa ni asilimia 11, na hilo ni la duveti tu. Shuka zina sakafu yake, mapazia yake. Ndiyo maana "duka zima" haiwezekani.

Ukitaka kujua kwa nini Mzee aliangua kicheko hapo, ni kwa sababu ya foronya. Mama Duka ananunua jozi ya foronya kwa 120 na kuiuza 300. Alikuwa ameisahau, kwake ni kitu cha kujazia rafu.

MZEE: Hiyo ndiyo sukari yako, ila imegeuzwa. Mwambie mteja: nunua duveti, foronya nusu bei.

KIJANA: Nusu bei ni nyingi kuliko 20 niliyokatazwa!

MHASIBU: Nusu ya kitu gani? Nusu ya 300 ni 150. Asilimia 10 ya duveti ni 280. Ngoja nipige... Kikapu ni 2,950. Bidhaa zote mbili zimekugharimu 2,120. Toa mfuko, tangazo, tili, kodi. Inabaki 525. Bila ofa yoyote, duveti peke yake ilikuwa 501.

KIJANA: Imepanda?

MHASIBU: Imepanda kwa sababu foronya hata kwa nusu bei inauzwa juu ya gharama yake, na mfuko na tangazo ni vile vile. Mteja anaona maneno "nusu bei". Wewe umetoa chini ya asilimia 5 ya kikapu.

MWALIMU: Na mimi ningeichukua. Foronya za shule... sikusema kitu.

MAMA DUKA: Tazama sasa. Anayetaka nafuu ameomba, kwa kununua kitu cha pili. Asiyetaka, alipe 2,800 yake aende.

Suala la majira lilipita haraka, ingawa wauzaji wengi hukosea hapo. Julai, Molo na Elburgon zikiwa chini ya ukungu na Nakuru yenyewe ikivaa sweta, duveti inajiuza. Kupunguza wakati huo ni kumlipa mtu afanye alichokuwa akija kufanya. Njaanuari ni habari tofauti: karo imelipwa, mfuko umekauka, na stoki imelala. Kijana alikuwa amepatia mwezi. Alichokosea ni kile alichotaka kupunguza.

MAMA DUKA: Nina duveti nne za kijani tangu mwaka juzi. Kijani ya kituo cha petroli. Hata kwa sakafu yenu sizitaki.

MHASIBU: Hizo uza hata kwa 1,900. Ile 2,000 ilishaenda, hairudi kwa kuzitazama. Ukipata 1,900 leo, ni karibu duveti nyingine ya rangi inayotakika. Lakini ziwekwe ukurasa wake, kwa rangi hiyo tu, na kuponi yoyote isizifikie.

KIJANA: Na mteja wa kibandani akinionyesha simu, aseme mtandaoni ni 1,900?

MAMA DUKA: Ya kijani? Nitamletea kiti.

KIJANA: Na ofa ya foronya?

Walitofautiana. Mzee alitaka bei moja kila mahali, kwamba mteja akigundua bei mbili anahisi ameibiwa kwenye ile ya juu. Mama Duka alikataa: kibandani hakuna tangazo wala mfuko wa posta, lakini kuna kodi ya nafasi na kuna yeye mwenyewe kusimama kutwa, kwa hivyo bei za sehemu mbili hazina sababu ya kufanana. Mhasibu alisema ofa ya foronya itolewe kote, kwa kuwa inaongeza faida kote. Hapo wakakubaliana, ingawa Mama Duka aliongeza kwamba kibandani ataitaja kwa anayebisha tu.

KIJANA: Nina moja la mwisho. Paseli zinazorudi. Mtu anaagiza lipa ukipokea, gari linafika Njoro, simu haishikwi. Nauli ya kwenda na ya kurudi ni yetu. Nataka anayelipa kabla ya kutumiwa apunguziwe shilingi 100. Shilingi, Madam, sikusema asilimia.

MHASIBU: Mia moja dhidi ya nauli mbili za paseli iliyokataliwa. Nakubali, mradi mhesabu ngapi zilirudi mwezi uliopita, na mlinganishe baada ya mwezi mmoja wa ofa. Zisipopungua, ondoa.

MAMA DUKA: Na huyo pia ameomba. Ameomba kwa kulipa mapema.

MWALIMU: Ninyi mnaona mia moja. Mimi naona 2,800 zangu zimeenda kwa mtu nisiyemjua, nikisubiri stendi ya Molo. Mia moja hainitoshi.

KIJANA: Mia mbili?

MWALIMU: Sio pesa, kijana. Nitumie picha ya duveti yangu ikifungwa, namba ya gari, na simu ya makanga.

MAMA DUKA: Hizo zote ni bure. Andika, mwanangu.

MWALIMU: Na ile ya kijani, kama bado ni 1,900, niwekee moja. Lakini hiyo nitalipa nikiishika.